Lugha Nyingine, Isiyokuwa Kiingereza

Binti aliyeitwa Kizungu alikuwa amemaliza kozi zote za shahada yake, ikabaki Kifaransa. Ushairi wa kale, alipita. Tamthilia, alipita. Riwaya za ile karne ambayo kila mhusika anaanza kukohoa sura ya pili, alipita, tena kwa alama za kujidai. Alikuwa mwaka wa mwisho wa fasihi ya Kiingereza na walimu wote wa idara walimjua. Lakini Kifaransa kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alikifanya mwaka wa pili, akafeli. Akakirudia mwaka wa tatu, akafeli vizuri zaidi.

Sasa ilikuwa mara ya tatu, na chuo hakikuwa na mchezo: ukianguka mara tatu kwenye kozi ya lazima, unafungasha virago. Hupewi shahada, hupewi nusu shahada, hata pole hupewi. Na Kizungu alijijua. Mtu huyu angeweza kumaliza kitabu kizima cha Kiingereza kwa mkao mmoja, lakini akionyeshwa kitenzi cha Kifaransa alishikwa na usingizi, kisha njaa, kisha hasira. Mama yake, Kizungu hakumwambia lolote. Kwa nini amwambie? Mama alikuwa fundi cherehani, ana nguo za watu za kufikiria, na kila mteja aliyeingia alishapewa habari kwamba binti anamaliza mwaka huu.

Jina hilo la Kizungu, tuelewane, si la kupewa na wazazi. Alilipata mtaani alipokuwa mdogo, akiwafokea kuku wa mama yake kwa Kiingereza na kuku wakimtazama tu. Jina likaganda, na mtoto naye akaona kama ni hivyo basi alitendee haki. Alipofika chuoni alikuwa hawezi tena kumaliza sentensi ya Kiswahili bila kuchomekea vipande vya kule: so, bikozi, ekchuali. Usimcheke. Mtaa mzima ungekuwa unakusifu wewe, ungeacha?

Basi siku moja alikuwa kantini, chai inapoa, daftari la vitenzi limefunguliwa mbele yake kama bili. Mkabala naye alikaa Theluji. Huyu alikuwa msichana aliyehamia chuoni hapo kutoka nchi ya baridi, na wenzake walimwita hivyo kwa sababu hawakuchoka kumuuliza habari za theluji. Kiswahili alijifunzia sokoni. Alikisema bila woga, ngeli zikimkimbia huku na kule.

"Kwa nini wewe anafanya Kifaransa?" Theluji akauliza. "Wewe hapendi."

"Ni lazima. Lugha ya kigeni. So, sina jinsi."

"Mimi sikufanya."

"Wewe ulifanya nini?"

"Lugha ya bibi yangu."

Sasa hiyo lugha ya bibi yake ni ya watu ambao ungeweza kuwakusanya wote kwenye uwanja mmoja wa mpira na viti vikabaki. Idara ilimtafutia mtahini wa kumhoji kwa simu, wakaongea naye weee, wakamaliza, akapita. Tangu hapo Theluji alikuwa akila maandazi yake kwa raha mustarehe huku wenzake wakihangaika.

"Kwa nini wewe hafanyi lugha ya nyumbani?" akauliza.

Meza nzima ya wanafunzi wenzao ikacheka. Kiswahili? Hicho hicho cha kuombea chumvi? Kizungu naye alicheka, halafu kicheko kikamkwama. Theluji hakuwa anacheka. Alikuwa anangoja jibu.

Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakukosea. Kizungu aliacha chai, akaacha vitenzi, akashika njia ya ofisi ya mkuu wa idara karibu kwa kukimbia.

Mkuu wa idara alikuwa mzee mpole, miwani iko kwenye paji la uso na yeye anaitafuta chini ya makaratasi. Kizungu akamwamkia, akamweleza shida yake.

"Ni lugha ya kigeni, binti yangu," mzee akasema. "Imekuwa hivyo siku zote."

"Naomba tusome, mwalimu. Tusome tu."

Mzee akavuta kitabu cha taratibu za shahada. Akapita kozi za lazima, akapita za hiari, akafika palipotakiwa. Akasoma kimoyomoyo kwa Kiingereza, kisha akajitafsiria polepole kwa sauti. "Mwanafunzi atathibitisha ujuzi wa lugha nyingine, isiyokuwa Kiingereza." Akageuza ukurasa kuona kama kuna kilichobaki nyuma. Hakukuwa na kitu.

"Kigeni hakipo," akasema.

"Nani alisema kigeni?"

"Sote." Mzee akavua miwani. "Hakuna aliyetutuma. Mimi mwenyewe nilifanya Kijerumani. Kilinitoa jasho, binti yangu, mpaka leo nikisikia mtu anakisema natafuta mlango."

Kisha mzee akanyanyua kidole. Asifurahi upesi, alimwambia. Mtihani utakuwa wa mdomo: atachagua kitabu kimoja alichokisoma kwenye shahada yake, akieleze kwa Kiswahili kitupu, na aulizwe maswali. Hii itahesabika kuwa ndiyo mara yake ya tatu, na akianguka hakuna kurudi kwenye Kifaransa. Tena mtahini atakuwa Bibi Sanifu.

Bibi Sanifu wa idara ya Kiswahili alikuwa akitembea na kalamu nyekundu kwenye mkoba, na alishawahi kusahihisha tangazo la mlango wa choo huku watu wamebanwa wanamsubiri. Ukimchanganyia lugha, imekula kwako.

Jioni ile mama ilibidi aambiwe kitu. Kizungu akamwambia ana mtihani wa kusimulia kitabu kwa Kiswahili bila kuchanganya, akaishia hapo. Habari ya kufukuzwa aliimeza.

"Hilo tu?" mama akasema. "Simulia. Mimi nashona, masikio yapo wazi. Ukichanganya nasimama."

Kitabu alichochagua kilikuwa riwaya ya zamani juu ya mwanamke anayengoja mjomba wake tajiri aje kumtoa kwenye shida. Kila siku anafagia njia, anapanga vikombe. Na kila siku anamfukuza mzee mmoja mchafu anayekuja mlangoni kuomba kazi ya bustani. Msomaji anajua mapema sana kwamba huyo mchafu ndiye mjomba mwenyewe. Mwanamke hana habari.

"So, huyu mwanamke..." Kizungu akaanza. Mashine ikasimama.

"Huyu mwanamke anaishi peke yake bikozi..." Mashine ikasimama.

Siku ya kwanza ilisimama mpaka mteja wa suruali akadhani imeharibika. Ikazuka na kesi: Kizungu akadai kwamba hata hiyo mashine yenyewe ni neno la kigeni, na zipu, na bluzi. Mama akamjibu kwamba mashine imekula chumvi yetu miaka na miaka, ina haki zake, lakini hiyo ekchuali imekuja jana na haijabisha hodi. Kesi ikafungwa.

Lakini siku zilivyokwenda, mashine ikawa inapiga mbio ndefu. Kizungu aligundua jambo lililomshangaza. Akisimulia hivi, kitabu kilianza kuwa na watu. Kwa Kiingereza alikuwa akikichambua. Kwa Kiswahili alikuwa anamteta yule mwanamke, na mama anajibu. "Huyo hana macho?" mama aliuliza, uzi mdomoni. "Mtu anakuja kila siku, hata maji humpi?" Ilimuuma kwelikweli, hata pindo akalishona upande.

Kilichobaki ni istilahi, maneno ya kitaaluma. Kizungu aliyachimba kwenye kamusi, akayakariri akiwa anaoga, anaosha vyombo, anapanda ngazi. Hasa lile moja la jambo lenyewe: msomaji kujua asichokijua mhusika, mambo kuwa kinyume na yanavyoonekana. Kwa Kiingereza angelieleza saa nzima. Kwa Kiswahili alilikariri, likamtoka, akalikariri tena.

Siku ikafika. Chumba kilikuwa na meza, viti vitatu na feni inayolalamika. Bibi Sanifu alikaa wima, kalamu nyekundu iko mbele yake. Mkuu wa idara alikaa pembeni, na miwani safari hii iko machoni.

Kizungu alianza kwa sauti ya mgonjwa, kisha akamfikiria mama yake na mguu wake kwenye kanyagio, ulimi ukalegea. Akamleta yule mwanamke, akaleta vikombe, akaleta mzee mchafu mlangoni. Mkuu wa idara akasahau kuandika.

"Vizuri," Bibi Sanifu akasema. "Mwandishi ametumia mbinu gani kuu?"

Hapo ndipo neno likatoroka. Alilijua. Asubuhi ile ile alikuwa nalo. Akalitafuta lilipokaa jana, hakuna kitu. Lililokuja ni la Kiingereza, likasimama kwenye ncha ya ulimi linamsukuma limtoke. Kizungu akafumba mdomo. Feni ikalalamika. Akamwona kichwani mama yake akiwaambia wateja mmoja mmoja kwamba binti hakumaliza.

"Jina lake limenitoka, mwalimu," akasema mwishowe. "Lakini naweza kusema linavyofanya kazi. Kitabu hiki chote kimejengwa juu ya neno moja, na ni kumbe. Mwanamke anangoja utajiri, kumbe anaufukuza. Anafagia njia ya mgeni, kumbe mgeni keshapita juu yake na matope. Sisi wasomaji tumeshasema kumbe tangu mwanzo. Yeye ndiye hajalisema. Tunaendelea kusoma kwa sababu tunataka tuwepo siku atakapolisema."

Alitaka kuishia hapo. Lakini kitu kilimpanda kifuani, akashindwa kukizuia.

"Na mimi namwelewa," akasema. "Miaka mitatu nimehangaika na lugha ya watu nikitafuta lugha ya pili ya kunipitisha. Kumbe ipo mlangoni kila siku inaomba kazi, na mimi naifukuza."

Mkuu wa idara akakohoa, akatazama dirishani. Bibi Sanifu akachukua kalamu nyekundu, akaandika neno moja, akageuza karatasi Kizungu aone. Kinaya. Ndilo lile. Kizungu akalitazama kama unavyomtazama mtu aliyekukimbia na deni.

"Hilo ndilo jina," Bibi Sanifu akasema. "Ukikutana nalo tena, ulisalimie. Hiyo ni alama mbili nakukata. Nyingine zote chukua." Kisha, akiwa anafunga mkoba, akamgeukia mkuu wa idara. "Amefanya vizuri sana huyu. Brilianti kabisa."

Bibi Sanifu akashika mdomo. Mkuu wa idara alicheka mpaka miwani ikamtoka, na yeye mwenyewe Bibi Sanifu ikabidi akae tena chini, mabega yanamtikisika. Kizungu hakuweza hata kucheka. Alishusha pumzi iliyokuwa ndani tangu mwaka wa pili, akahisi mwili wake umekuwa mwepesi, mikono haijui ikae wapi.

Alirudi nyumbani kwa miguu ingawa ni mbali. Watu wa mtaani walimsalimia, akawaitikia wote, hata asiowajua. Alipofika, mama alikuwa ameinamia koti la mtu, mashine inakwenda.

"Mama, nimepass."

Mashine ikasimama.

"Umefanya nini?" mama akauliza bila kuinua kichwa.

Kizungu akameza mate. "Nimefaulu, mama. Nimefaulu na nimemaliza."

Mama akavua miwani, akajifuta macho kwa kipande cha bitana, akakitazama kama kwamba chenyewe ndicho kilichovuja. Kizungu akakaa chini kwenye vitambaa, akaegemeza kichwa kwenye goti lake, na sasa kwa kuwa hatari imepita akaona atubu.

"Kuna jambo sikukwambia. Ilikuwa mara ya tatu. Ningeanguka wangenifukuza, na shahada ningeikosa."

"Nilijua," mama akasema.

"Ulijua? Nani kakwambia?"

"Wewe. Unaongea usingizini, mwanangu, na ukuta wetu ni huu huu mmoja. Kila siku nasikia: wasinifukuze, mama asijue, wasinifukuze."

Kizungu akainua kichwa. Wateja wote wale mama aliokuwa akiwatangazia, mashine yote ile kusimama na kuondoka, na muda wote anajua. "Nasema kwa lugha gani?" akauliza.

"Kiswahili kitupu," mama akasema. "Usingizini huchanganyi hata neno."

Akavaa miwani yake, akaweka mguu kwenye kanyagio, koti likaendelea. Neno la kujibu alilokuwa nalo Kizungu lilikuwa lile lile la kitabuni: kumbe. Akalisema, polepole, na mashine haikusimama.