Pindo la Uzi wa Kijani

Thiri Nwe alikuwa mwoga, asikudanganye mtu. Wanajeshi waliponyakua nchi na wenzake wa chuo wakaingia barabarani Mandalay, yeye alifika kona ya kwanza tu. Aliposikia risasi alirudi kwao Amarapura mbio, kandambili moja akaiacha njiani. Tangu siku hiyo hofu yake akawa anaitolea kwenye simu. Alikata picha kwa kidole na kuzibandika pamoja: mikono ya bibi yake kutoka picha ya harusi, sufuria mahali pa kichwa, buti za askari ndogo kama kunguni.

Picha ya mwisho ndiyo iliyoleta balaa. Wanawake walikuwa wametundika htamein zao, zile nguo za kujifunga kiunoni, juu ya vichochoro. Mwanamume akipita chini ya htamein nguvu humtoka, na askari waliogopa hilo kuliko mawe. Basi Thiri akatengeneza mwanamke mkubwa kuliko mji, htamein yake imetanda juu ya barabara nzima, na chini yake askari wamekunja shingo. Hakuweka jina. Aliituma kwa laini isiyo yake. Baada ya siku mbili watu walikuwa wanaichapa na kuibandika kutani.

Ila kitambaa chenyewe, cha nakshi za mawimbi, alikipiga picha kwenye kitanda cha kufumia cha mama yake.

Asubuhi alikuja jirani yao Daw Mya Sein, mfumaji naye. "Shoga, mawimbi yako yametangulia mjini," alimwambia mama, anajaribu kutania. Akamwonyesha simu. "Huu uzi wa kijani kwenye pindo, mtaani hapa nani mwingine anautia? Mimi nimeujua mara moja. Na mke wa mwenyekiti wa mtaa ni mfumaji pia, naye ataujua."

Mama aliitazama picha, akamgeukia Thiri. "Umenivua nguo mbele ya mji mzima, mwanangu."

"Nisamehe, mama. Nilificha kila kitu."

"Ulificha uso wako. Mkono wangu hukuuficha."

Jirani alipoondoka, mama akachukua mkasi, akaikata hariri ya miezi mitatu kutoka kitandani, akaitia jikoni kwenye makaa. Hariri haina haraka ya kuungua, inajikunja tu na kunuka kama nywele. Bado walikuwa wanaipulizia waliposikia buti mlangoni. Mama alimsukuma Thiri nyuma ya mtungi mkubwa wa maji.

Mwenyekiti wa mtaa aliingia akiangalia chini, nyuma yake sajini na askari wawili. Sajini alivuta pumzi, akasikia ile harufu, akatabasamu.

"Ile picha ni kazi ya nani?"

"Yangu," alisema mama.

"Kitambaa?"

"Kitambaa na picha. Vyote vyangu."

Sajini akaiona simu ya Thiri juu ya kitanda cha kufumia, akampa. "Haya, mama msanii. Nionyeshe ulivyotengeneza."

Mama aliipokea kwa mikono miwili, kama anayepokea kitu kwa mtawa. Aliishika juu chini. Vidole vyake vigumu vilibonyeza kioo, vikabonyeza tena, na hakuna kilichofunguka. Askari walicheka.

"Bibi wewe hata juu hujui ni wapi. Humu unaishi na nani?"

"Peke yangu." Bado alikuwa anabonyeza.

Sajini alimshika nywele, akamvuta kichwa nyuma. Nyuma ya mtungi Thiri alikuwa amejikojolea. Miguu ilikataa, naye akaiomba, akaitukana, mpaka ikamsimamisha. Akatoka.

"Simjui huyu," mama alisema upesi. "Mpita njia tu. Mwambieni aende kwao."

Thiri akaichukua simu mikononi mwa mama, akaigeuza, na kidole gumba chake kikaifungua mbele ya wote.

"Umeishika kichwa chini, mama," alisema.