Kamera Chini ya Mkeka

Fuatino aliposhuka feri pale Savai'i, kisiwa cha kwao Samoa, alikuwa amevimba kichwa, na tusione haya kulisema, maana mwenyewe anakiri. Miaka minane huko Auckland alikuwa mbeba lenzi za wenzake. Sasa, kwa mara ya kwanza, yeye ndiye mpiga picha mkuu wa filamu, tena filamu ya kwao. Kisa chenyewe: kijana amemuua mtoto wa jirani kwa gari. Ukoo wake unakuja alfajiri kuomba radhi, unakaa chini mbele ya nyumba ya wafiwa, vichwa vimefunikwa mikeka laini, unangoja. Mama wa marehemu akiinua mkeka, wamesamehewa. Asipouinua, wanaendelea kukaa.

Baraza la kijiji lilitoa ruhusa kwa sharti moja: sehemu hiyo ya mikeka wao waione kwanza. Wakiikataa, inafutwa. Bila sehemu hiyo hakuna filamu, na mpiga picha anayeharibu kazi ya kwanza nani atampa ya pili?

Basi Fuatino akarusha kamera angani. Ile ndogo yenye mabawa manne, inayovuma kama nyigu. Akawapiga wanakijiji waigizaji picha kutoka juu ya minazi: uwanja wa kijani, mikeka kumi na miwili imejipanga, bahari kwa nyuma. Binamu yake Iakopo, ambaye ndiye mwongozaji, alitazama kioo akarukaruka.

"Binamu, hii ni balaa! Wazungu watalia!"

"Ngoja kwanza walie wa hapa," alisema Fuatino, lakini alikuwa anacheka.

Jumamosi mchana walifunika madirisha ya ukumbi wa kanisa kwa vitambaa vya meza, wakatundika kitambaa cheupe ukutani, wakawasha mashine ya kuonyeshea picha. Wakubwa walikaa kwenye viti nyuma, wengine kwenye mikeka mbele, mikate ya tui la nazi ikipita mkono kwa mkono. Picha ilipotokea watu walisema "Aaa!" kwa kupendezwa. Kisha vichekesho vikaanza.

"Mimi ni yupi pale?"

"Wewe ni kile kifurushi cha tatu. Kile kinene."

"Mwongo! Kinene ni mumeo!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Watu walicheka kwenye picha ya msiba, na mikate ikaisha. Fuatino, aliyesimama nyuma karibu na mashine, alitamani ardhi impasukie aingie.

Mzee Tuiloma, msemaji wa baraza, hakucheka. "Picha ni nzuri," alisema. "Nimeona bahari, nimeona minazi, nimeona na paa langu linalohitaji bati. Aibu yetu sijaiona, wala huruma yetu. Hii ifutwe."

Hapo ndipo Bibi Taligi alipokohoa. Huyu ni msusi wa mikeka, hajawahi kuigiza maisha yake yote, na ndiye waliyempa nafasi ya mama wa marehemu. "Mpeni hadi Jumatano," alisema. "Mtoto huyu hajakaa chini tangu afike."

Wakampa hadi Jumatano.

Jioni Fuatino alimfuata Bibi kwake, macho mekundu, akaingia akaanza kulalamika akiwa bado wima. Bibi alikuwa chini, anasuka, nyuzi za ukindu nyembamba kama nywele zikipita vidoleni.

"Kaa chini, mjukuu wangu. Unaniumiza shingo."

Akakaa, masikio yakiwaka moto. Mtoto wa Kisamoa kusimama mbele ya mkubwa aliyekaa! Huko Auckland hakuna aliyemkumbusha.

"Siku ile tulipokaa uwanjani, wewe ulikuwa wapi?" aliuliza Bibi.

"Nilikuwa pembeni, Bibi. Kamera ndiyo ilikuwa juu."

"Kule juu hukaa nani?"

"Hakuna mtu."

"Yupo Mungu, na wapo popo. Mungu haombwi radhi na kamera yako, na popo hawana habari. Sasa ulitaka watu walie kwa macho ya nani?"

Bibi aliweka kazi yake kando.

"Nilikuwa na miaka tisa baba yangu alipoukosea ukoo mwingine. Nilikaa naye chini ya mkeka tangu alfajiri hadi jua la utosini. Kule uwanja huuoni, mwanangu. Unaona vitundu vya mwanga. Unamsikia baba yako anavyopumua. Unatazama majani mbele, unangoja miguu. Hujui itakuja na mkono mtupu au na panga." Alinyanyuka, akamfunika Fuatino kichwa kwa ule mkeka aliokuwa anausuka, ncha zake bado hazijafungwa. "Haya. Ngoja."

Alingoja. Sauti ya kijiji ikaja mbali, sauti ya pumzi zake ikaja karibu, na mwanga ukadondoka vitonevitone mapajani pake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame; Fuatino alikuwa ameufahamu msemo huo tangu utotoni, na siku hiyo ukamwingia. Mkeka ulipoinuliwa aliona kwanza mkono, kisha uso wa bibi kizee ukimwinamia, akajikuta analia kwa furaha.

"Umeona?" alisema Bibi. "Na mimi sijakusamehe chochote bado."

Jumatatu alfajiri ile kamera ya mabawa ilibaki sandukuni. Fuatino aliingia chini ya mkeka pamoja na waombaji, kamera kifuani, kwenye kimo cha macho ya mtu aliyekaa, na lenzi ya kawaida isiyovuta karibu wala kusukuma mbali. Aliamua kutokatisha picha hata mara moja. Bibi Taligi akachelewa makusudi. Dakika tano, dakika tisa. Iakopo alinong'ona kutoka pembeni kwamba watazamaji watachoka. Fuatino akamwonyesha ngumi kwa chini. Miguu yake ilikufa ganzi. Dakika ya kumi na moja majani yakatikisika, nyayo mbili zilizopasuka zikaja, zikasimama.

Jumatano walirudi ukumbini, vitambaa vilevile, mikate ileile. Mwanzoni palikuwa na kunong'ona. Kisha sinia la mikate likakwama mapajani mwa mtu, hakuna aliyelipitisha. Pumzi tu, na vitundu vya mwanga.

Kiti kikalia kwa nyuma. Fuatino akageuka. Mke wa mchungaji alikuwa ameteremka kutoka kitini, anakaa kwenye mkeka. Mwalimu akamfuata. Mmoja baada ya mwingine wakubwa wakateremka, kwa sababu kwenye kitambaa kile palikuwa na watu wamekaa chini kwa huzuni, na nani mwenye adabu zake angekaa juu yao? Mzee Tuiloma, na magoti yake mabovu, alishuka wa mwisho, akiinama na kuomba radhi, "tulou, tulou," kama mtu anayepita mbele ya wenyeji.

Aliyebaki wima ni Fuatino peke yake. Akakaa.

Nyayo zilipofika na mkeka kuinuliwa, mwanga ulijaa ukumbi, na mwanamke mmoja akapiga kite. Wengi walilia bila kujificha.

"Iacheni ilivyo," alisema Mzee Tuiloma kutoka pale chini. "Msikate hata pumzi moja."

Fuatino hakusikia shangwe za Iakopo. Alikuwa anasogea kwa magoti katikati ya watu hadi alipokaa Bibi Taligi, akamshika mikono yote miwili. Alikuwa na maneno mengi, yakamtoka mawili.

"Asante, Bibi."

Bibi alimtazama, macho kwa macho, bila kuinua kichwa.

"Leo shingo hainiumi," alisema.