Mwanasesere Asiye na Mdomo

Binti wa fundi cherehani alikuwa na miaka mitano, na kwa jinsi alivyojua kuamrisha, nyumba nzima ilimwita Bi Mkubwa. Alizaliwa na utumbo mfupi mno, hauwezi kazi. Tangu uchanga chakula chake kilikuwa cha maji, kikitoka kwenye mfuko na kupita mrija wa kifuani hadi kwenye damu. Mama alijifunza kuufunga mfuko huo kwenye mrija mwenyewe: kunawa hadi viwiko, kuvaa barakoa, na mtu asifungue kinywa, maana kijidudu kimoja tu mrijani ni balaa. Hata mwanasesere aliyemshonea mwanawe alikuwa na mrija kifuani. Mdomo hakuwa nao. Wa nini?

Sasa daktari alisema utumbo umekua. Mfuko ukasimamishwa mwezi mmoja: mtoto akiongezeka uzito kwa kula, mrija unatolewa, akipungua, wanarudi walikotoka.

Wiki mbili zikapita, akapungua nusu kilo. Nesi wa kliniki akauliza mtoto anakulaje, na Bi Mkubwa akajibu mwenyewe.

"Tunavaa barakoa. Naishusha kijiko kikija. Halafu hakuna kuongea."

Nesi alimtazama mama, mama akatazama sakafu. Jamani, mazoea yana tabu! Kila bakuli la uji alilihudumia kama anafunga mfuko. Nesi alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Mama, chakula cha mdomoni kinataka kelele. Kaeni sinia moja."

Jioni ile walikaa sinia moja, barakoa zimefungiwa kwenye droo ya cherehani. Bibi alisimulia uongo wake wa siku zote, na shangazi, mchokozi yule, akaiba kiazi cha Bi Mkubwa. Weee! Mtoto alikipokonya, akakitia kinywani chote ili kisiibwe tena. Tangu hapo akawa wa kwanza kufika siniani na wa mwisho kuondoka.

Siku ya mizani ilipofika, alikuwa ameongezeka kilo nzima. Mama alilia mbele za watu bila haya, kwa furaha tupu. Mrija ukatolewa, kifuani pakabaki plasta ndogo.

Walipofika nyumbani, Bi Mkubwa alimlaza mwanasesere juu ya cherehani, akauchomoa mrija wake kwa mkono wake mwenyewe.

"Hapa mshone," akaamuru. "Na hapa mwekee mdomo. Ana njaa."