Hodi kwenye Biwi la Mabua

Bi Tima alinikodisha shamba lake la Takaungu kwa sharti moja: mabua yasitiwe moto. Mimi Jedida, mtu wa bara niliyeteremka pwani na mume wangu Laban na ng'ombe mmoja, sharti hilo nililipokea kwa mikono miwili. Majirani wakishavuna mahindi huwasha moto, na nguo zetu kwenye kamba zikanuka moshi hadi Jumapili. Mimi niliyakata mabua, nikayafunga matita na kuyarundika nyuma ya nyumba. Mengine nilimkatakatia ng'ombe, mengine nikayatandaza shambani udongo usikauke. Rundo hilo Bi Tima aliliita biwi, na kila akilitaja alipunguza sauti.

Baada ya kila mavuno alikuja mwenyewe na buibui lake, akalizunguka biwi akiligonga kwa vidole.

"Hodi," alisema. "Hodi, mwanangu."

Kisha alisimama kungoja. Mara ya kwanza niliziba mdomo kwa leso nisicheke mbele yake. Farid, mwanawe, ndiye aliyenikata kicheko.

"Hapa hapa ndipo marehemu baba alipolitia moto biwi," aliniambia. "Desturi yetu, kabla hujawasha unalizunguka ukapiga hodi, lau kuna kiumbe ndani kitoke. Siku hiyo baba alikuwa na haraka, hakupiga. Dada yangu Shaima alikuwa mle ndani. Alikuwa mdogo, ana pengo la meno ya mbele. Tulikuwa tukicheza kujificha, na mimi ndiye niliyekuwa nikimtafuta."

Sikucheka tena. Hata ng'ombe nilimpelekea mabua yale kwa adabu.

Mwaka huu Bi Tima alikuja kabla ya siku yake, akaketi kwenye kigoda changu, uso umemshuka.

"Ijumaa baada ya swala nitakuja, mwanangu," alisema. "Nitapiga hodi. Nisipojibiwa, basi. Farid atalitia moto biwi, na shamba tutaliuza. Nimechoka kungoja."

Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma pia, maana kiangazi kilikuwa mlangoni na ng'ombe wangu hakuwa na lishe nyingine.

Alhamisi mchana nilikuwa jikoni nachekecha unga. Mlango wa nyuma, ule unaotazama biwi, ulikuwa wazi. Nikasikia, "Hodi."

Kisauti cha mtoto. Kwetu mtu akibisha hukaribishwa, haulizwi baba yake nani. Sikuinua hata kichwa.

"Karibu!" nikaita. "Ingia, mlango u wazi."

Hakuingia mtu. Ila harufu ya moshi iliingia, ikanipita, ikaelekea chumbani. Nikatoka nje nikachungulia. Hakuna shamba lililokuwa likiwaka siku hiyo. Ubavuni mwa biwi palikuwa na tundu la kumtosha mtoto, na mabua yake yalikuwa yamesukumwa kutoka ndani. Niliporudi jikoni, unga wangu ulikuwa na alama za vidole vidogo.

Niliogopa, sina haja ya kujipamba. Nilikemea kwa jina la Yesu mpaka sauti ikakauka. Laban aliporudi akasema ni paka. Paka gani huyo mwenye vidole vitano, nilimuuliza, naye akajifanya ana njaa.

Ijumaa walikuja, mama na mwana. Bi Tima alilizunguka biwi, akagonga, akapiga hodi, akangoja. Akazunguka tena. Sauti yake ilizidi kupungua. Mimi nilisimama pembeni nikijua anabisha kwenye nyumba tupu. Nitamwambiaje mama wa watu kwamba mwanawe ametoka jana, na kwamba niliyemkaribisha ni mimi?

"Tia moto," akamwambia Farid.

Farid akatoa kiberiti.

"Ngojeni!" nikasema. "Bi Tima, kwanza njoo ndani unywe maji."

Akajikokota hadi mlango wangu wa nyuma. Laban alikuwa kazini. Nyumbani mwangu hamkuwa na mtu. Lakini Bi Tima ni mtu wa adabu zake, haingii nyumba ya watu hivi hivi, hata akiwa na mwenyeji wake. Akasimama kizingitini, akashika mwimo wa mlango.

"Hodi," akasema.

Nilifungua kinywa nimkaribishe. Nilitanguliwa.

"Karibu, mama," ikajibu sauti kutoka chumbani, sauti ya mtoto mwenye pengo.

Nyuma yangu nilisikia kiberiti kikianguka. Bi Tima hakugeuka kututazama. Alivua viatu vyake, akavipanga vizuri mlangoni, akaingia.