Miaka Minane ya Baba

"Hiyo fimbo uiache, baba. Huna kilema."

"Niko muzee, mama. Muzee anatembea na fimbo."

"Mzee wa wapi? Una miaka arobaini na saba!"

"Buku ya kazi inasema hamsini na tano." Aliendelea kukunja suruali na kuipanga ndani ya sanduku la bati. "Kesho napanda treni ya Kamina. Niache nikafie kwetu."

Baba huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Na uongo ulio katika kitabu kile cha kazi ni wake mwenyewe. Alipofika Élisabethville mwaka 1926 alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, na kambi ya reli ilitoa nyumba kwa wanaume wazima wenye wake. Akamwambia karani ishirini na saba. Karani akamtazama meno, akaandika. Marehemu mama akapata nyumba ya matofali, nami nikazaliwa humo.

Miaka hiyo minane ya kubuni ndiyo iliyofanya astaafishwe katika karakana ya reli mwaka huu wa 1954 kabla ya wakati wake. Nyumba ikaenda na kazi, akahamia kwangu, mtaa wa Katuba. King'ora cha asubuhi kikilia, alivaa viatu vya kazi, akaketi kitandani hadi kinyamaze, kisha akavivua. Wenzake hawakuja kumwona. Alipotimiza miezi minne kwangu, akaanza kuburuta miguu.

"Umekosa nini hapa?" nikamwuliza. "Bukari nakusongea laini, usipate taabu kutafuna."

"Meno yangu iko yote, Germaine." Akinitaja jina, amekasirika. "Nani aliomba bukari laini? Toka Pasaka, nani ameniuliza neno katika hii nyumba? Unauliza kama nimekula. Unauliza kama nimeenda choo! Batoto bakikaribia nkambo yabo unabafukuza, eti nkambo anapumzika. Napumzika nini? Hata misumeno yangu ulificha."

"Ulijikata kidole."

"Seremala gani hajajikata?"

Jibu nilikuwa nalo. Katika darasa la akina mama tulifundishwa kwamba kazi ndiyo inayochosha mwili, kwa hiyo mzee apumzishwe. Niliandika kwenye daftari, nikatekeleza upesi, kama ninavyofanya kila kitu. Nikampumzisha tangu asubuhi hadi jioni, peke yake, akiangalia ukuta. Hakuna aliyetuambia kupumzika kunamfanya nini mtu ambaye hajachoka.

Kuomba msamaha sijui vizuri. Nilivuta sanduku la vyombo vyake vya useremala toka chini ya kitanda changu, nikalitua juu ya suruali zake. Nikamnyang'anya fimbo, nikaipenyeza chini ya mlango uliokuwa unakwama tangu masika, nikaubinua hadi ukatoka kwenye bawaba. Fimbo ikapasuka. Mlango nikaulaza miguuni pake.

"Weye! Una wazimu?"

"Mvua inakuja. Mimi naenda sokoni na watoto."

"Na treni yangu?"

"Utaacha nyumba ya wajukuu wazi?"

Aliinama, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa chini, mahali ubao ulipovimba.

Nilichukua kikapu, nikawaita watoto, tukatoka. Kwenye ua wa Chola, fundi aliyepaswa kuja Jumamosi kuutengeneza mlango, nilisimama.

"Chola, usije tena. Mlango una mtu wake."