Ng'ombe wa Nani

Trafiki Kasmiri hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Marsiana zaidi. Trafiki anayefoka unamjua; anataka umbembeleze kidogo, baada ya hapo mnaelewana. Huyu aliizunguka haisi ya shule taratibu, akarudi dirishani, akamwonyesha simu yake kwa sekunde mbili.

"Sabini na nane kwenye hamsini, mama. Saa kumi na dakika ishirini na mbili. Tochi ya spidi imekupiga kule nyuma, mwenzangu kanitumia picha."

Marsiana aliona kitu cheupe, vumbi, na tarakimu. Angeweza kuomba aitazame vizuri. Hakuomba. Alikuwa ameshaanza kujitetea.

"Siyo mimi, afande. Muda huo nilikuwa nimesimama. Ng'ombe walikuwa wanavuka."

"Ng'ombe," alisema Kasmiri, akacheka puani. "Kila dereva ninayemsimamisha ana ng'ombe wake."

Lakini walikuwepo kweli. Alikuwa amewashusha watoto wa mwisho Namawala, anarudi Ifakara na gari tupu, ndipo kundi la ng'ombe kama sitini likakata barabara mbele yake. Ndama mmoja alilala katikati ya lami kana kwamba kapangishiwa chumba. Marsiana alitazama saa yake mara tatu, kwa sababu funguo zilitakiwa kuwa mezani kwa mwalimu mkuu kabla ya saa kumi na moja. Mara ya pili ilikuwa saa kumi na ishirini. Mara ya tatu, ishirini na tano. Ndama bado kalala.

Haisi nyeupe katika barabara ile ni nyingi. Ya shule ina mstari wa njano ubavuni, lakini tochi hupiga gari usoni, na usoni haisi zote ni ndugu.

"Ukikubali nakuandikia faini, unalipa, yameisha," Kasmiri alisema. "Ukikataa, mahakamani."

Faini haikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba ingeandikwa kwenye namba ya gari, na kila Ijumaa Mwalimu Elineema, mwalimu mkuu, alifungua kompyuta yake akaangalia kama gari la shule lina deni la barabarani. Dereva aliyemtangulia Marsiana, Deogratias, aliondoka kwa kosa moja tu la spidi. Wazazi hawakutaka hata kusikia maelezo. Na Marsiana alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa usukani ule. Wapo waliokuwa wanasubiri tu akosee.

Nyuma ya usukani ule kulikuwa na miwa. Marsiana alizaliwa kwenye kambi ya vibarua wa mashamba ya miwa, akapalilia miwa misimu sita, akamzika baba yake huko huko, baba ambaye hakuwahi kumiliki kitu kikubwa kuliko baiskeli. Leseni aliipata akiwa na miaka thelathini na nne. Aliogopa kurudi kwenye miwa kuliko alivyoogopa kufa, na sisemi hivyo kwa kutia chumvi.

"Sikubali," alisema, na sauti yake ikatoka nyembamba mpaka akajionea aibu.

Kasmiri aliandika.

Mwalimu Elineema hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza habari zote, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Mama Marsiana, mimi nakuamini. Lakini mimi siyo mzazi wa watoto mia mbili. Niletee karatasi ya mahakama inayosema huna hatia. Ukiipata, unaendelea. Ukikosa, funguo utaziacha hapa mezani, na tusilaumiane."

Kesi ilipangwa baada ya wiki mbili. Marsiana hakulala vizuri hata siku moja kati ya hizo. Kila mtu aliyemuuliza alimwambia neno lile lile: tafuta shahidi.

Shahidi alikuwa anamjua. Wale ng'ombe walikuwa wa Nkwabi, baba yake Mbuke, na Mbuke alikuwa mwanafunzi wa darasa la pili aliyekaa kiti cha nyuma ya dereva, akiimba njia nzima. Nkwabi mwenyewe ndiye aliyekuwa nyuma ya kundi siku ile. Walipungiana mkono kabisa.

Jumapili alikwenda kwake. Alimkuta amekaa kwenye kigoda, anasuka kamba.

"Mwadila, mayo!" Nkwabi alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama kama alivyomwita siku zote, akaingia ndani mwenyewe kumletea maziwa ya mgando.

Marsiana alieleza. Kadiri alivyoeleza, ndivyo kamba ilivyozidi kwenda polepole mikononi mwa Nkwabi, mpaka ikaacha kwenda kabisa.

"Dada Marsiana, wale ng'ombe siku ile walikuwa wanatoka upande gani?"

"Kule bondeni."

"Na kule bondeni wafugaji tumeambiwaje?"

Marsiana alijua. Watu wote walijua. Bonde lilikuwa limewekewa mipaka ya hifadhi. Ng'ombe akikutwa ndani anakamatwa na askari wa pori, na ng'ombe aliyekamatwa mara nyingi harudi, anapigwa mnada. Lakini ilikuwa Agosti, nyasi za juu zimekauka mpaka zinavunjika, na maji yako bondeni.

"Mimi nikisimama mbele ya hakimu nikasema nilivusha ng'ombe pale saa ile, nimejifunga mwenyewe," Nkwabi alisema. "Wako huko mpaka leo. Sina pa kuwapeleka mpaka mvua inyeshe. Wakienda wale, Mbuke anarudi nyumbani, sisi tunahama. Tumehama mara tatu, dada. Mke wangu amesema ya nne hataiweza."

"Basi sikuiti shahidi, baba Mbuke."

"Na usinitaje."

"Sikutaji."

"Niapie."

Aliapa. Aliapa kwa kaburi la baba yake, na maziwa akayamaliza.

Siku ya kesi alivaa gauni la kanisani na viatu vilivyombana. Mahakamani watu walikuwa wachache: wawili wa ugomvi wa mpaka wa shamba, mama mmoja wa kesi ya mirathi, na kwenye benchi la nyuma askari wa pori mmoja, kavaa sare ya kijani, anasubiri kesi yake nyingine kabisa. Marsiana alimwona akiingia. Akajiambia: hayupo hapa kwa ajili yako, wewe sema yako ukae.

Kasmiri alitoa ushahidi wake kwa sauti ile ile ya chini. Alisimamisha haisi nyeupe, alitumiwa picha, dereva akakataa. Picha iliyochapishwa kwenye karatasi kubwa ikapelekwa kwa hakimu, mwanamke wa makamo mwenye mafua, aliyeiweka pembeni.

Kisha ikawa zamu ya Marsiana. Alishika Biblia, akaapa kusema kweli. Hapo ndipo alipogundua kwamba amekwishaapa viapo viwili na haviwezi kukaa chumba kimoja.

Aliendelea hivyo hivyo. Akasema alikuwa amesimama, ng'ombe wakivuka, ndama kalala barabarani. Alisema vizuri. Hata hakimu alitabasamu kidogo kwa yule ndama.

Mwendesha mashtaka alisimama. Kijana mtanashati, tai imenyooka.

"Ng'ombe wa nani?"

"Mheshimiwa, ni ng'ombe tu."

"Ng'ombe sitini hawana mwenyewe?"

"Sikumwona vizuri mchungaji."

"Ulikaa pale dakika kumi, ukamwona ndama alivyolala, mchungaji hukumwona?" Aligeuka kidogo, akawatazama watu. "Mama, unafahamu kwamba kuidanganya mahakama baada ya kuapa ni kosa la jinai? Siyo faini ya barabarani hiyo. Ni jela."

Neno jela lilimwingia Marsiana mwilini kama maji ya baridi. Masikio yakaanza kuvuma. Aliona funguo mezani kwa mwalimu mkuu, akaona mistari ya miwa isiyokwisha, akaona mlango wa chuma. Hakuamua kusema. Wapo watakaosema aliamua, na mimi nawaombea wasisimamishwe mahali kama pale. Mdomo ulifunguka wenyewe, kama mtu anayetapika.

"Nkwabi. Ni ng'ombe wa Nkwabi wa Namawala."

"Walitoka upande gani?"

"Bondeni." Na kwa kuwa alikuwa ameshaanza, hofu ikamalizia kazi yake yote: "Wako huko mpaka sasa. Ameniambia mwenyewe. Muulizeni."

Hakimu alipenga kamasi, akaivuta ile picha, akavaa miwani, akaisogeza karibu na dirisha. Aliitazama muda mrefu.

"Mwendesha mashtaka, namba ya gari hapa iko wapi?"

"Mheshimiwa, ina vumbi, lakini—"

"Sijauliza vumbi. Nauliza namba. Naona haisi nyeupe. Hata mimi nilipanda haisi nyeupe kuja hapa leo." Watu wakacheka. "Shahidi, wewe unaisoma?"

Kasmiri alikiri kwamba haisomeki.

"Basi shauri hili halina miguu tangu lilipoingia. Mshtakiwa hana hatia. Na hayo ya ng'ombe," aliongeza huku akiandika, "mahakama haikuyahitaji."

Marsiana aliyasikia maneno hayo ya mwisho kuliko yote. Haikuyahitaji. Angetakiwa kunyamaza tu. Angetakiwa, siku ile barabarani, kusema: afande, lete hiyo simu niione vizuri. Aligeuka kutazama benchi la nyuma. Lilikuwa tupu. Kupitia dirishani alimwona yule askari wa pori uani, kalipa jengo mgongo, simu sikioni.

Alipokea nakala ya hukumu saa saba. Alimpigia Nkwabi, simu haipatikani. Akapiga tena akiwa kwenye bodaboda, akapiga tena akiwa getini shuleni. Bondeni hakuna mtandao, na mchana wote Nkwabi huwa bondeni.

Mwalimu Elineema aliisoma karatasi mara mbili, akasimama, akampa mkono kwa mikono yake yote miwili. "Hongera sana, mama! Nilijua mimi. Watoto wanakusubiri."

Aliwapakia. Kumi na wanane, na Mbuke nyuma yake kama kawaida. Kwenye kituo cha mafuta nje ya mji aliona magari mawili ya kijani yamepanga foleni, askari wa pori wamejaa nyuma, mmoja ananunua maji. Wanajaza mafuta tu, aliwaza. Watu hujaza mafuta kila siku. Lakini jasho lilikuwa limeshamlowesha mgongo.

Barabara nzima macho yake yalikuwa kwenye kioo cha nyuma. Angeweza kukanyaga mafuta amwahi Nkwabi. Mguu ulitaka. Watoto kumi na wanane walikuwa wanaimba wimbo wa Mbuke, na mshale wa spidi ukakaa kwenye hamsini, mtoto mmoja anashuka, wawili wanashuka, mama mmoja anamsimamisha kumpa salamu na kumuuliza habari za kesi. Alimjibu. Sijui alimjibu nini. Hata yeye hakukumbuka.

Nkwabi alikuwa kando ya barabara, amekuja kumpokea mtoto, jambo ambalo si kawaida yake. Fimbo begani, uso wote unacheka.

"Mayo! Nimepanda huku juu kutafuta mtandao nikupigie, nikakutana na watu wametoka mjini, wanasema umeshinda! Hakimu kawatoa mbio!" Akamshusha Mbuke, akashika ukingo wa dirisha la dereva. "Nilikuwa na wasiwasi, sikufichi. Usiku nilimwambia mke wangu, atabanwa yule, atasema. Akaniambia, huyo dada hasemi. Ahsante. Ahsante sana kwa kutuficha."

Kwenye kioo cha nyuma barabara ilikuwa bado tupu. Kuna muda, Marsiana alifikiri. Na kuna njia ya kunyamaza pia, Nkwabi atajua baadaye, kwa mtu mwingine. Hofu iliyomfungua mdomo asubuhi sasa ilikuwa inaubana kwa nguvu ile ile.

"Nimekutaja," alisema. "Baba Mbuke, nimekutaja. Nimesema wako bondeni. Wanakuja, magari mawili, nimewaacha wanajaza mafuta."

Nkwabi hakumtukana. Angemtukana ingekuwa afadhali. Alimtazama mpaka ile furaha ikamaliza kutoka usoni, kidogo kidogo, kisha akavua kandambili zake, akazishika mkononi, akaruka mtaro na kuanza kukimbia kuelekea bondeni.

Mbuke alibaki kando ya barabara na mkoba wake mgongoni. Alimtazama baba yake mpaka majani yakamficha, akageuka kwa dereva.

"Anti, baba anakimbilia nini?"

Ndani ya gari watoto waliosalia walikuwa wameacha kuimba, wanasubiri jibu pamoja naye.