Wakazi Wamekubali

Nilizamisha kijiji cha saba huku nikicheka. Vipande vya buluu, ndiyo maji yenyewe, vilikuwa vimefika ukingoni mwa ubao, na mbunifu wa mchezo, mwanamume tuliyemwita Profesa kwa sababu hakuwahi kukiri kosa, alinipigia makofi.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: kucheza kila mchezo mpya kabla kampuni haijauchapa, kisha kuandika ripoti. Mchezo wa awali, wa kujenga ngome na kuteka mashamba, ulishaingia kila nyumba yenye meza. Sasa walitaka kuuvisha nguo mpya. Badala ya ngome, mabwawa. Na sitasema uongo, walikuwa wameusuka vizuri. Kwa saa mbili sikukumbuka hata chai yangu.

Kisha nikafunua kadi. "Wakazi wamekubali kuhama kwa hiari. Songa hatua tatu."

Niliisoma mara ya pili, kwa sauti.

Nilikuwa na miaka tisa malori yalipokuja kwetu kutuhamisha tupishe bwawa. Shangazi, dada yake baba aliyenilea, alikaa kitini mlangoni akakataa kuinuka, wanaume wa malori wakambeba na kiti chake. Karani akamshika mkono, akakichovya kidole gumba chake kwenye wino na kukikandamiza kwenye karatasi. Shangazi alikuwa mwalimu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa karani yule, lakini hakuna aliyempa kalamu. Mwezi haukuisha, makaburi ya babu na bibi yalikuwa chini ya maji.

"Nani kaandika hii?" niliuliza.

"Mimi," alisema Profesa. "Kwani kuna herufi imekosewa?"

"Hawakukubali."

"Akina nani?"

"Wakazi."

Alinitazama, akamtazama meneja aliyekaa nasi mezani, akacheka kidogo. "Dada, hivi ni vipande vya plastiki."

Meneja hakucheka. Alikuwa mama mwenye haraka, saa yake ikiwa mezani mbele yake. "Tumekuita upime mchezo. Unachezeka au hauchezeki?"

"Unachezeka."

"Basi andika hivyo."

Niliandika. Kwa hasira nikawa nabonyeza herufi mbilimbili. Niliandika: "Unachezeka, na ubaya wake uko hapo hapo. Nimezamisha watu saa mbili nzima na hakuna hata mmoja aliyenigeukia." Nikapendekeza kila kijiji kipewe haki ya kukataa, na anayekilazimisha arudi nyuma hatua sita. Zilikuwa kurasa nne. Sijawahi kuandika ripoti bora kuliko ile.

Baada ya miezi mitatu maboksi yalifika kutoka kiwandani. Nyuma ya kila boksi, kwa herufi za dhahabu, palikuwa na neno langu moja: "Unachezeka!" Chini yake, cheo changu.

Niliingia kwa meneja bila kubisha hodi. Niliyomwambia siwezi kuyarudia mbele ya watu wenye heshima zao. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa saa yake, akasema, "Lakini ulilisema." Nikavua kitambulisho changu shingoni na kukiacha juu ya karatasi zake. Profesa alikuwa kwenye ngazi. Alinipisha bila kuinua macho, na hilo nalo lilinikera.

Jumamosi nilimpelekea shangazi boksi moja. Nilitaka akasirike pamoja nami. Alikuwa uani akianua nguo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, sauti ikinipanda, majirani wakisikia. Alilipindua boksi mikononi mwake, akalisoma nyuma, akalisoma pembeni, kwa utulivu wa mtu anayesahihisha madaftari.

"Ulipoucheza," aliuliza, "ulishinda?"

"Nilishinda, shangazi."

Aliliweka boksi chini. Akanipa pembe mbili za shuka, yeye akashika mbili, tukalivuta mpaka likanyooka.